Uzi: Swali moja likiulizwa nchi arobaini, je, linabaki swali moja?

MWANZISHA UZI

Ndugu wana jukwaa, salaam.

Kila baada ya miezi michache huletwa humu mchoro wa rangi unaopanga nchi za dunia kwa furaha, kwa kuaminiana, kwa kupenda demokrasia au kwa uchaji Mungu, na kila mara ugomvi unakuwa uleule: hawa wanasema tumedhalilishwa na watu wasiotujua, wale wanasema namba hazina chuki na mtu. Nimekuwa mdadisi kwa misimu minne, nikibeba dodoso kijiji kwa kijiji, na naona pande zote mbili zinaanzia mbali mno. Zinaanza na namba, wakati kabla ya namba kulikuwa na sentensi, na kabla ya sentensi kulikuwa na mgeni amesimama mlangoni akibisha hodi.

Nianze na kitendawili kinachotuhusu wenyewe. World Values Survey, utafiti wa maadili ambao umekuwa ukirudiwa katika nchi mbalimbali tangu mwaka 1981, ulifika Tanzania mwaka 2001 na kuwahoji watu wasiofika 1,200. Miongoni mwa maswali mengi yalikuwamo mawili ambayo msomaji wa haraka angeyachukulia kuwa ndugu. La kwanza linauliza kama mtu, ukijumlisha mambo yote, ana furaha sana, ana furaha kiasi, hana furaha sana au hana furaha kabisa. Zaidi ya nusu ya Watanzania walisema wana furaha sana, kiwango ambacho nchi nyingi tajiri hazikukifikia. La pili linauliza mtu anaridhika kiasi gani na maisha yake siku hizi, kwa alama kuanzia 1 hadi 10. Wastani wa Watanzania haukufika 4, ukawa miongoni mwa wastani wa chini kabisa katika utafiti mzima. Ni watu walewale, siku ileile, mbele ya mhojaji yuleyule.

Wanaopenda kutucheka walichukua namba ya pili wakasema hawa wamekata tamaa. Wanaopenda kutusifu walichukua ya kwanza wakasema umaskini haujatunyang'anya tabasamu. Mimi nawaomba mjiulize maswali hayo kwa sauti, kwa Kiswahili, mkijifanya mmesimamishwa uani kwenu na mtu msiyemjua. Swali la furaha liko jirani sana na salamu. Mtu akiulizwa habari za nyumbani hujibu "nzuri", kisha baada ya nzuri hiyo ndipo anaposema mtoto amelazwa tangu juzi. Kumwambia mgeni kwamba huna furaha ni kuanika ya ndani, na kwa wengi ni kama kumnung'unikia Mungu. Swali la kuridhika lina mlango tofauti. Aliyeridhika kwa Kiswahili chetu ni mtu aliyefika, ambaye hahitaji kuongezewa, na sijapata kuona mkulima mwenye akili timamu akimwambia mgeni mwenye makaratasi na kitambulisho shingoni kwamba hahitaji kuongezewa. Huenda huyo mgeni ameleta mradi. Kwa hiyo swali la kwanza lilijibiwa kwa adabu, la pili likajibiwa kwa hesabu, na majibu yote mawili yalikuwa ya kweli.

Hapo ndipo ulipo ugumu wa kazi hii yote ya kulinganisha nchi, na ndio ninaotaka tuujadili.

MCHANGIAJI KUTOKA KAHAMA

Mwanzisha uzi, nakushukuru, lakini mimi nakwama kabla ya kufika huko. Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu watu 61,741,120. Watu 1,200, au hata 2,400, wanapata wapi uwezo wa kutusemea? Mimi nina miaka 52 na sijawahi kuulizwa chochote na mtu yeyote.

MWANZISHA UZI

Mkuu, swali lako ni la haki na nitalijibu kwa kutumia kazi ambayo naamini Kahama inaifahamu. Mnunuzi wa mchele hafungui magunia yote ghalani. Anachukua bambo, anachoma gunia hili juu, lile katikati, lile chini, anamwaga punje kiganjani na kuzitazama. Kama ghala lina magunia mia mbili au elfu mbili, ukubwa wa ghala haumsumbui sana. Kinachomsumbua ni nani aliyechagua magunia ya kuchomwa. Muuzaji akisema "choma hili hapa", mnunuzi mzoefu anakwenda kwenye lile lililofichwa nyuma.

Utafiti wa maoni ya Waafrika uitwao Afrobarometer, ulioanza mwaka 1999 kwa nchi 12 na ambao makao yake yako Accra, umejengwa juu ya hofu hiyohiyo ya gunia lililochaguliwa. Kwa nchi kama Tanzania au Kenya huhojiwa watu 2,400 wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, wanane katika kila eneo la kuhesabia watu, maana yake ni maeneo 300 yanayochaguliwa kwa bahati nasibu huku maeneo yenye watu wengi yakiwa na nafasi kubwa zaidi ya kuangukiwa. Kosa la sampuli, yaani kiasi ambacho jibu linaweza kupotoka kwa kuwa hawakuulizwa watu wote, linakuwa kama asilimia 2 juu au chini. Kwa nchi zinazohoji watu 1,200 linakuwa kama asilimia 3. Mdadisi haruhusiwi kuchagua nyumba. Anapewa pa kuanzia, kisha anajumlisha tarakimu za tarehe ya siku hiyo: ikiwa ni tarehe 14, basi 1 na 4 ni 5, anakwenda nyumba ya tano. Ndani ya nyumba vilevile hachagui mtu. Ikiwa zamu ni ya mwanamke, wanawake wote wazima wa nyumba hiyo huorodheshwa na bahati nasibu inamtoa mmoja, hata kama aliyetoka ni bibi asiyesikia vizuri na mkwewe mwenye shahada amekaa pembeni akitamani kuulizwa.

Nitasema jambo moja kwa uzoefu. Katika karibu kila kijiji nilichofika, mwenyekiti wa kitongoji alijitolea kunipeleka "kwa watu wanaojua kujieleza". Hakuwa na nia mbaya. Alitaka kijiji chake kionekane vizuri. Lakini hilo ndilo gunia la juu. Kazi yangu ya kwanza ya siku ilikuwa kumkatalia kwa heshima, tena kabla ya chai, maana baada ya chai inakuwa vigumu.

Wakubwa wa taaluma hii nao walikwisha kuanguka hapo. Utafiti wa Gabriel Almond na Sidney Verba uliochapishwa mwaka 1963, ambao wengi huuhesabu kuwa baba wa kulinganisha mitazamo ya kisiasa baina ya nchi, ulihoji watu wa Marekani, Uingereza, Ujerumani Magharibi, Italia na Mexico. Huko Mexico waliohojiwa walikuwa wakazi wa miji yenye watu zaidi ya 10,000 tu. Wakulima wa vijijini hawakuulizwa, lakini kwenye majedwali iliandikwa Mexico.

MCHANGIAJI KUTOKA BUKAVU

Naomba niongeze la lugha, kwa kuwa Kiswahili chenyewe hakifanani. Huku kwetu watu wengi husema Leta, neno lililotokana na Kifaransa, na linaposemwa linambeba mkuu wa nchi, mkusanya kodi na askari wa kizuizini wote kwa pamoja. Ukinisomea "Je, unaiamini serikali?" kwa Kiswahili cha vitabu, nitakuelewa, lakini mama yangu atafikiri unamwuliza kuhusu redio.

MCHANGIAJI KUTOKA NAKURU

Na huku Kenya ukimwuliza mtu kama anapenda siasa, atafikiri unamwuliza kama ni mtu wa kampeni. Mtu anayefuatilia bajeti, anayejua mwakilishi wa wadi wake kwa jina na anayekwenda kwenye kila mkutano wa barabara anaweza kukuambia bila kupepesa macho kuwa yeye hana haja na siasa.

MWANZISHA UZI

Ndugu wawili hapo juu mmegusa penyewe. Neno "siasa" nchini Tanzania lina tabaka kama za kitunguu. Mzee aliyekuwa mtu mzima mwaka 1972, wakati wa tamko la "Siasa ni Kilimo" pale Iringa, alilisikia likiwa na maana ya sera na mwelekeo wa taifa; alisoma somo la siasa, na lilikuwa na mtihani. Kijana wake akisema "hizo ni siasa tu", anamaanisha maneno matupu. Sasa swali la kawaida kabisa la tafiti hizi ni lile la mtu kupendezwa na siasa kiasi gani. Baba akisema anapendezwa sana na mtoto akisema hapendezwi hata kidogo, mchambuzi aliye mbali ataandika kwamba vijana wa Tanzania wamejitenga na mambo ya umma, kumbe huenda baba na mtoto wametofautiana juu ya neno.

Tatizo hili si letu peke yetu. Mwanazuoni Frederic Schaffer alifuatilia neno "demokaraasi" miongoni mwa wasemaji wa Kiwolofu nchini Senegal na kukuta kwamba kwa watu wengi wa kawaida lilibeba maana ya kuafikiana, kushikana mkono na kutobagua, kuliko maana ya kushindana kwa kura. Mtu wa namna hiyo akisema anaitaka demokrasia hadanganyi. Anataka kitu, tena kizuri. Swali ni kama ndicho kitu kinachotakwa na Mswidi aliyetia tiki kwenye kisanduku hichohicho.

Lakini kwangu mimi swali lililoleta upotoshaji mwingi kuliko yote ni lile la kuaminiana. Linakwenda hivi: kwa ujumla, ungesema kwamba watu wengi wanaaminika, au kwamba inabidi kuwa mwangalifu sana unapohusiana na watu? Katika duru za karibuni, Denmark na Norwei zaidi ya watu 70 katika kila 100 walisema watu wengi wanaaminika. Tanzania mwaka 2001 hawakufika 10. Juu ya swali hili moja yamejengwa maghorofa ya nadharia kuhusu kwa nini nchi fulani hutajirika na nyingine hubaki nyuma.

Tazameni swali lenyewe. Linamtaka mtu achague kati ya kuamini na kuwa mwangalifu, kana kwamba vitu hivyo viwili havikai nyumba moja. Nani kati yetu, aliyelelewa kwa "kikulacho ki nguoni mwako", atasema mbele ya mgeni kwamba hana haja ya kuwa mwangalifu? Uangalifu kwetu ni sifa. Asiye nao ni bwege. Kisha mtu huyohuyo, mhojaji akishaondoka, anakwenda kwenye kikoba cha Jumamosi na kukabidhi fedha zake kwa majirani ambao hana nao hata hati moja ya mwanasheria. Sanduku la kikoba nililoliona mara nyingi lina kufuli tatu, na funguo zake hushikwa na watu watatu ambao si wa nyumba moja. Fedha ziko kwa jirani na kufuli ziko tatu. Sanduku hilo limejibu swali la kuaminiana vizuri kuliko dodoso, na limejibu ndiyo kwa sehemu zote mbili.

Watafiti wenyewe wameliona. Jan Delhey, Kenneth Newton na Christian Welzel walichapisha mwaka 2011 uchambuzi wa nchi 51 wakiuliza hao "watu wengi" ni akina nani kichwani mwa mhojiwa. Walitumia maswali mengine ya utafiti huohuo, yanayotenganisha imani kwa familia, kwa jirani, kwa mtu unayemfahamu, kwa mtu unayekutana naye mara ya kwanza, kwa mtu wa dini nyingine na kwa mtu wa taifa jingine. Matokeo yakawa kwamba katika nchi tajiri za Magharibi mtu akisikia "watu wengi" huwaza hata mpita njia, wakati China, Thailand na Korea Kusini duara hilo ni dogo zaidi, la watu wanaofahamiana. China, ambayo kwa swali la kawaida ilionekana kuwa nchi ya watu wanaoaminiana mno, ilishuka ilipopimwa kwa upana wa duara. Hakuna Mchina aliyebadilisha jibu lake. Kilichobadilika ni kipimo.

MCHANGIAJI KUTOKA DODOMA

Nimesoma kwa utulivu, ila naona unazunguka jambo moja. Tuzungumzie woga. Mtu anayekuja na kibali kutoka wilayani, akiongozwa na mwenyekiti, akaniuliza kama namwamini Rais, unategemea nijibuje?

MWANZISHA UZI

Sikuwa nazunguka, nilikuwa naacha mtu alitaje kwanza.

Dodoso la Afrobarometer lina swali moja mwishoni ambalo naona ndilo la busara kuliko yote: unadhani nani ametutuma kufanya mahojiano haya? Mhojiwa ameshaambiwa mwanzoni kabisa kwamba wahojaji ni wa taasisi huru ya utafiti, hawatoki serikalini wala kwenye chama. Anaambiwa, anaitikia, na baada ya saa moja ya maswali unamwuliza na anajibu: serikali. Hutokea sana, katika nchi nyingi. Nakumbuka mama mmoja niliyemhoji akipukuchua mahindi kwenye ungo, wala hakuacha kupukuchua hata mara moja. Katika maswali ya barabara, maji na zahanati alikuwa mkali kweli, anataja hadi idadi ya ndoo. Tulipofika kwenye maswali ya kuwaamini viongozi, mwenyekiti akawa amesogea chini ya mwembe, kama hatua kumi hivi. Mama akasema "sana", "sana", "sana", bila kuinua kichwa, nami nikaandika sana mara tatu. Kisha swali la mwisho, nani ametutuma. Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Si ninyi serikali?"

Faida ya swali hilo ni kwamba linaweza kutumika kupima ukubwa wa tatizo. Marcus Tannenberg wa Chuo Kikuu cha Gothenburg alilitumia kwa nchi nyingi za Afrika, akakuta kwamba katika nchi zenye uhuru mdogo wa kisiasa, waliodhani mhojaji ametumwa na serikali walitoa majibu ya kuusifu uongozi zaidi kuliko wenzao, na kwamba katika nchi zenye uhuru zaidi tofauti hiyo ilikuwa ndogo. Maana yake kwa mpenda michoro ni nzito: ukipanga nchi kwa "imani ya wananchi kwa Rais wao", nchi yenye woga inapanda ngazi bila rais wake kufanya lolote.

Zipo njia za kumpa mhojiwa pa kujificha. Mwaka 2015 watafiti wanne, Timothy Frye akiwa mmoja wao, walitaka kujua kama umaarufu wa Putin nchini Urusi ni wa kweli. Kundi moja la wahojiwa lilisomewa majina ya viongozi wa zamani, Stalin, Brezhnev na Yeltsin, likaulizwa unawaunga mkono wangapi. Wasitajwe ni nani, itajwe idadi tu. Kundi la pili likasomewa majina hayohayo pamoja na la Putin. Ukitoa wastani wa kundi la kwanza katika wa kundi la pili, unapata kiwango cha wanaomuunga mkono Putin, na hakuna mhojiwa hata mmoja aliyejulikana kasema nini. Kwa swali la wazi alipata karibu 86 katika kila 100. Kwa njia ya orodha alipata karibu 80. Pengo lipo, lakini na umaarufu ulikuwapo, na matokeo hayo yaliwaudhi waliotarajia kuona yote ni woga pamoja na waliotarajia kuona hakuna woga kabisa.

Kuhusu nyumbani, ndugu wa Dodoma, unakumbuka Sauti za Wananchi, utafiti wa maoni kwa simu wa shirika la kiraia la Twaweza. Njia yao ni tofauti: kaya zilichaguliwa kwa sampuli Tanzania Bara, zikatembelewa ana kwa ana mwanzoni, zikapewa simu na chaja ya sola, halafu watu walewale wakawa wanapigiwa kila baada ya muda. Kiwango cha waliosema wanaridhika na utendaji wa Rais kilikuwa asilimia 96 mwaka 2016, 71 mwaka 2017 na 55 mwaka 2018. Kilichofuata kilikuwa hadharani: barua kutoka Tume ya Sayansi na Teknolojia kuhusu kibali cha utafiti, pasipoti ya mkurugenzi wa Twaweza kuchukuliwa, na mwezi Septemba mwaka huohuo marekebisho ya Sheria ya Takwimu yaliyobana utoaji wa takwimu, ambayo yalilegezwa mwaka 2019.

Sina nia ya kuufufua mjadala huo wa kisiasa, ila nataka mtazame mantiki ya namba zenyewe. Wapo waliosema humu wakati ule kwamba watu huogopa kwenye simu, kwa hiyo matokeo hayana maana. Haya, tukubali waliogopa. Woga unasukuma jibu juu, kuelekea kusifu. Kama woga ulibaki palepale, basi mteremko ni wa kweli. Kama woga uliongezeka, mteremko wa kweli ulikuwa mkali kuliko ulioonekana. Kiwango cha mwaka mmoja kinaweza kuwa na chumvi nyingi au kidogo, lakini mwenendo wa miaka, kwa swali lilelile na kwa lugha ileile, ni shahidi mwingine kabisa. Ndiyo sababu sishtuki sana nikiambiwa nchi fulani inapenda demokrasia kuliko nyingine kwa pointi tano, ila nilishtuka niliposoma kwamba Afrika Kusini wanaopendelea demokrasia kuliko mfumo mwingine wowote walishuka kwa pointi 29 kati ya mwaka 2011 na 2022. Neno ni lilelile, nchi ni ileile. Hapo kuna kitu kimevunjika, na si tafsiri.

MCHANGIAJI, MWALIMU WA HESABU

Naomba maelezo kuhusu ule mchoro maarufu wa Inglehart na Welzel, unaoziweka nchi kama mapovu, za Kiprotestanti juu kulia na za Kiafrika chini kushoto. Wanafunzi wangu wananiuliza kwa nini tuko kule chini na mimi sina jibu la kuwapa zaidi ya umaskini.

MWANZISHA UZI

Mwalimu, waanzishie kwenye mhimili. Ule wa wima unatenganisha maadili ya jadi na yale ya kidunia. Ule wa mlalo unatoka kwenye maadili ya kujinusuru, yaani ya mtu anayehangaikia usalama na chakula, kwenda kwenye maadili ya kujieleza. Ronald Inglehart, aliyefariki mwaka 2021, na Christian Welzel waliipata mihimili hiyo kwa kuchambua viashiria kumi, na kweli mihimili miwili inaeleza sehemu kubwa ya tofauti baina ya nchi. Ni kazi ya heshima na siidharau.

Sasa waambie wanafunzi wakague viashiria vinavyomsukuma mtu kwenda kushoto au kulia. Kimojawapo ni furaha. Kingine ni swali lilelile la kuaminiana na uangalifu. Kingine ni kama mtu amewahi au angeweza kutia saini waraka wa kudai jambo kwa wakubwa. Cha kwanza tumeshakiona kinavyofanana na salamu. Cha pili tumekifungia kwenye sanduku la kufuli tatu. Na cha tatu, mimi nimetoka kijiji ambacho mwaka mmoja wazee saba walipanda lori alfajiri kwenda kwa mkuu wa wilaya kudai walipwe fidia ya mashamba, wakakaa kwenye benchi lake siku mbili mpaka akawasikiliza, na hakuna karatasi iliyotiwa saini hata moja. Kila mmoja wao angejibu "hapana, kamwe". Sisemi kwamba vikirekebishwa hivyo Tanzania itarukia kando ya Uswidi, la hasha. Pengo la kipato na la elimu lipo na linaacha alama yake. Nasema sehemu ya umbali ule ni ya watu na sehemu ni ya dodoso, na mchoro hauna rangi ya kuonyesha ipi ni ipi.

Kuna na hili la kusoma swali nusu. Taarifa ya Afrobarometer ya mwaka 2024 kwa nchi 39 ilisema asilimia 53 wako tayari kukubali jeshi kutwaa madaraka, na humu jukwaani ikawekwa kichwa cha habari kwamba Waafrika wanataka jeshi. Sentensi waliyoiafiki ilikuwa na sharti ndani yake: pale ambapo viongozi waliochaguliwa wanatumia madaraka vibaya kwa manufaa yao. Katika taarifa hiyohiyo theluthi mbili walisema wanapendelea demokrasia kuliko mfumo mwingine wowote. Ukimwambia mzazi "ikiwa mkweo anampiga mwanao, utamrudisha nyumbani?" akajibu ndiyo, hujapata mzazi anayechukia ndoa.

MCHANGIAJI KUTOKA NAKURU

Je, ipo njia ya kurekebisha, au tuache kulinganisha?

MWANZISHA UZI

Ipo mojawapo ninayoipenda, ingawa ina mwiba wake. Mwaka 2004 mwanazuoni Gary King na wenzake walichapisha jaribio la China na Mexico. Swali lilikuwa: una nguvu kiasi gani ya kuifanya serikali ishughulikie mambo yanayokuhusu? Wachina walijiona wana nguvu kuliko Wamexico, jambo la ajabu, kwa sababu Wamexico walikuwa wametoka tu mwaka 2000 kukiondoa kwa kura chama kilichotawala kwa miaka 71. Basi kila mhojiwa akasomewa pia visa vifupi vya watu wa kubuni na kuombwa awapime hao kwa mizani ileile aliyojipimia. Wa chini kabisa, aliyeitwa Moses katika toleo la Kiingereza, hana maji safi, hawezi kupiga kura, anaona hakuna serikalini anayejali, anateseka kimya akitumaini siku moja kitafanyika kitu. Zaidi ya asilimia 40 ya Wachina walijiweka chini ya Moses. Mizani zilipolinganishwa kwa visa hivyo, mpangilio uligeuka na Mexico ikawa juu. "Kiasi" cha Mchina na "kiasi" cha Mmexico havikuwa kipimo kimoja, kama pishi ya soko hili isivyolingana na ya soko lile.

Mwiba niliuonja mwenyewe. Katika kazi moja tulipewa visa vya namna hiyo tuvijaribu kwa Kiswahili kabla ya kwenda uwandani rasmi. Nikamsomea mzee mmoja kisa cha mtu asiye na maji, ambaye hakuna kiongozi anayemsikiliza, kisha nikamwuliza: kwa maoni yako, mtu huyu ana nguvu kubwa, ya kiasi, ndogo, au hana nguvu kabisa? Mzee akanyamaza kidogo, akaweka kikombe chini.

"Anaishi kitongoji gani huyo?"

Nikamweleza kwamba ni mtu wa mfano tu, hayupo. Akatikisa kichwa. Akasema mtu mwenye shida ya maji hawezi kuwa hayupo, na kwamba kama sitaki kumtaja jina, basi nimpelekee ujumbe kwamba kisima cha msikitini kinafunguliwa saa kumi na moja alfajiri, aje na ndoo mbili. Kishikwambi kilikuwa kinasubiri namba kati ya 1 na 4, na hakikuniruhusu kwenda swali linalofuata bila kuijaza.